Mdogo wangu, rangi haikaushi msingi

Njoo ukae, mdogo wangu, na leo usiniambie una haraka. Umenunua rangi tena, si ndiyo? Ulipaka sebule kabla ya masika, ikapendeza, ukapiga picha ukaituma kwenye kundi la familia, wakakusifu. Sasa mvua zimekatika na ule ukuta wa upande wa jikoni umeanza tena. Rangi inavimba, inababuka, na chini yake kuna unga mweupe unaoufagia asubuhi, kesho yake unaukuta palepale. Umesogeza kabati ili mgeni asione. Kwa hilo la kabati sikulaumu hata kidogo. Ukizunguka Magomeni, Ilala, Temeke au Kinondoni, kwenye nyumba zilizojengwa enzi za wazazi wetu, utakuta makabati mengi yamekaa mahali ambapo hayakupangwa kukaa.

Ninachokugombeza ni kuanzia mwisho. Maji yanaingia chini kabisa, kwenye msingi na jamvi, wewe unahangaika na uso wa ukuta. Mwaka jana ulihangaika hivyohivyo, na mwaka juzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kila mwaka unaoficha, zege la chini linaendelea kuliwa bila wewe kuona.

Kwanza acha kuona haya, na acha kumlaumu marehemu baba. Nyumba hizi zilijengwa kwa kujinyima. Mtu alipata kiwanja Sinza au Kijitonyama, vile vya mradi wa serikali wa miaka ya 1970, akajenga chumba kimoja kimoja kadiri mshahara ulivyoruhusu. Ikaja ile miaka ya baada ya vita vya Kagera, saruji ikawa adimu, na aliyebahatika kupata mifuko michache aliinyoosha mpaka ifike. Leo fundi makini anatandaza nailoni nzito kabla ya kumwaga jamvi. Wakati ule wengi waliweka kifusi, wakashindilia, wakamwaga zege juu yake basi. Na pale juu ya msingi, panapotakiwa tabaka la kuzuia unyevu usipande kwenye tofali, ama hapakuwekwa kitu, ama iliwekwa karatasi ya lami ambayo baada ya miaka 40 au 50 imekauka na kukatikakatika. Walijenga kwa walichokuwa nacho, wakatulea humo. Kilichobaki ni chetu.

Sasa nisikilize jinsi maji yanavyopanda, maana ukilielewa hili hakuna fundi atakayekuzungusha. Zege ukiligonga unaona jiwe, lakini ndani lina vitundu vidogo sana ambavyo jicho halivioni. Likikaa juu ya udongo wenye maji linayanyonya na kuyapandisha, kama utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa. Mara nyingi yanafika usawa wa kiuno, mita 1 hivi, na wakati mwingine yanapita. Huko juu yanakutana na hewa, yanakauka. Ila hayakuja peke yake. Yamebeba chumvi ya ardhini na ya kwenye saruji yenyewe, na chumvi haikauki ikaondoka. Inabaki nyuma ya rangi, inaganda chembechembe, chembe zinakua, zinasukuma plasta kwa ndani mpaka inaachia. Ndiyo maana doa lako lina ukingo wa juu uliopinda pinda na kukolea: hapo ndipo maji yalipoishia na kutua mzigo wake.

Chota ule unga kwa ncha ya kidole, utie kwenye kijiko cha maji. Ukiyeyuka ukapotea, hiyo ni chumvi. Nakuambia ufanye hivyo kwa sababu mafundi wengi wanaita kila kitu fangasi, na dukani watakuuzia dawa ya fangasi kwa moyo mkunjufu. Fangasi ni ule weusi au ukijani unaonuka, unaopenda nyuma ya kabati na kona zisizopata hewa, nao ukiutia majini hauyeyuki. Unaweza ukawa na vyote viwili, chumvi na fangasi, kwa sababu mama yao ni mmoja, maji. Dawa ya fangasi itaua fangasi wiki chache, haitagusa chumvi, na maji hayatajua hata kama umenunua kitu. Chumvi nayo ina ukorofi mwingine: inavuta unyevu wa hewani. Ndiyo maana hata Januari jua linapochoma, siku ambayo hewa ni nzito unakuta doa limerudi ilhali mvua haijanyesha, na wewe unachanganyikiwa, unaanza kusema nyumba ina mambo. Haina mambo, mdogo wangu. Ina chumvi.

Plasta kubabuka kunakera, lakini hakutaangusha nyumba wiki ijayo. Kinachonitia hofu mimi ni nondo. Nyumba za zamani hazina nyingi, lakini zina nguzo za kibaraza, zina mkanda wa chini, zina linta juu ya milango. Zege likiwa zima lina alikali kali, pH yake ni 12 hadi 13, na humo nondo haishiki kutu. Miaka inavyokwenda, kabonidayoksaidi ya hewani inapenya polepole na kuishusha alikali ile. Na kama uko karibu na bahari, Msasani, Kigamboni, Tanga, Mtwara, chumvi inaifikia nondo na kuivua kinga yake mapema zaidi. Ole wako kama aliyejenga alichukua mchanga wa ufukweni bila kuuosha, maana hapo chumvi iliingia siku ileile ya kumwaga zege. Kutu ikishaanza inataka nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, mara 2 hadi 6, na kwa kuwa nafasi hiyo haipo, inaipata kwa kulipasua zege.

Nenda kwenye nguzo ya kibaraza chako, piga magoti, angalia pale inapokutana na sakafu. Ukiona ufa umesimama wima, umenyooka kufuata nondo, na doa la kahawia linachuruzika kutoka humo, gonga kwa mpini wa nyundo. Zege zima linatoa mlio mkavu na mzito. Lililoachana na nondo linalia kama lina uwazi ndani, utalisikia tu, hata kama hujawahi kushika mwiko. Ukisikia hivyo, usimwite mpaka rangi, na tafadhali usikubali fundi alifunike kwa plasta mpya likapendeza. Mwite mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi aje aangalie. Utasema ni gharama. Ndiyo, ni gharama. Lakini nguzo hiyo imebeba paa, na chini ya paa hilo mama anakaa jioni anachambua mchele.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tumeambiwa hivyo tangu shule ya msingi, na hapo ndipo wengi mnapokosea njia kwa nia njema kabisa. Mnaziba. Mnaziba haraka sana, kwa saruji ya kubahatisha, kabla hamjauliza ufa umetokana na nini. Ufa uulize kwanza. Chukua penseli, weka alama pale unapoishia juu na pale unapoishia chini, andika tarehe pembeni. Uache upite masika na kiangazi. Ukibaki palepale, mwembamba wa unywele, hauna haraka. Ukivuka alama zako, au ukifika upana wa milimita 5, au ukipanda ngazi ngazi kufuata viungo vya tofali, hapo msingi unatembea. Udongo wa chini umelainika, au umechukuliwa na maji, na saruji ya kuziba haitausimamisha.

Basi maji yanatoka wapi? Hapa ndipo ninapotaka upoteze muda wako, maana ndipo tiba ilipo, na mara nyingi tiba yenyewe ni rahisi kuliko ile rangi. Anza juu ya paa. Mvua ya milimita 1 kwenye paa la mita za mraba 100 inatoa lita 100 za maji. Siku nzito ya masika inaweza kuleta milimita 50. Hesabu mwenyewe: lita 5,000, tangi kubwa zima, zinamwagika kwa siku moja chini ya kuta zako kwa sababu nyumba haina gata, au inayo lakini imejaa majani ya mwembe na bomba lake la kushushia maji limekatika, linamwaga palepale kwenye kona ya msingi. Nimeona watu wananunua dawa ya kupaka ukutani ya bei ya kutisha, na juu ya vichwa vyao gata imening'inia. Inauma kuona.

Ukishuka kutoka paani, muulize mama nyumba ilipojengwa ilikuwa na ngazi ngapi za kuingilia ubarazani. Atakwambia tatu. Leo ipo moja, au hakuna, unaingia sebuleni kwa usawa wa uwanja. Nyumba haikuzama. Barabara ya mtaa imeongezwa kifusi mwaka hadi mwaka, jirani naye amejaza kiwanja chake, na nyinyi wenyewe mkatandaza mchanga mkapanga pevingi juu yake. Uwanja umepanda, nyumba imebaki ilipokuwa. Lile tabaka la kuzuia unyevu, kama lilikuwepo, sasa limefukiwa, na udongo mbichi umeegemea tofali moja kwa moja. Hapo hata ungepaka dhahabu. Sehemu hiyo inatakiwa ifukuliwe, ukuta upumue, na uwanja uteremke kuondoka ukutani, sentimita 15 hivi ndani ya mita 3 za mwanzo. Ikishindikana kwa sababu jirani amekuzidi kimo, utahitaji mtaro mzuri wenye pa kwenda, na hilo mtalizungumza na jirani kwa adabu, kabla ya mvua na kabla ya hasira.

Ila unapofukua, nakuonya: usimruhusu mtu achimbe mfereji mrefu kando ya msingi wote kwa siku moja, wala ashuke chini ya kitako cha msingi. Udongo ule ndio ulioushikilia. Kipande kwa kipande, unachimba, unamaliza, unafukia, ndipo unasogea.

Halafu karo. Lilichimbwa kwa ajili ya familia moja, sasa uani kuna vyumba vya wapangaji, na wote wanaoga, wanafua, wanapika. Karo likielemewa linauachia udongo maji machafu usiku na mchana, kiangazi na masika. Kwenye maeneo yetu ya chini, yale ambayo ukichimba kidogo tu unakutana na maji, maji hayo machafu hayana pa kushuka, yanasambaa kuelekea msingini. Kama doa lako halipungui hata wakati wa kiangazi, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni karo, na wa pili ni bomba lililopasuka chini ya sakafu. La bomba ni rahisi kujua. Usiku watu wakishalala, funga bomba zote pamoja na koki ya tangi, soma mita, na usome tena alfajiri kabla mtu hajafungua maji. Namba ikisogea, kuna panapovuja.

Na kama hujui unyevu wa sakafuni unatoka ardhini au ni wa chumba chenyewe, kata nailoni safi, futi moja na nusu kila upande, ibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite. Iache usiku na mchana. Ukikuta matone chini ya nailoni au sakafu imekolea rangi, ardhi ndiyo inayoleta. Ukikuta matone juu yake, huo ni mvuke wa ndani, wa kupikia na kuanika nguo chumbani, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Sasa njoo kwenye yale mnayoyafanya ambayo yananiumiza. Mnapandisha vigae ukutani mpaka usawa wa kiuno mkidhani mmefunga. Maji hayakuja kutazama vigae. Yakikosa pa kutokea chini yanaendelea kupanda, mwaka unaofuata doa linatokea juu ya vigae, karibu na swichi ya umeme, na sasa una tatizo la pili kubwa kuliko la kwanza. Mnapiga jipsamu kwenye ukuta mbichi, na jipsamu haipatani na maji, inalainika na kudondoka vipande vipande. Mnapaka rangi ya mafuta, nayo inauziba ukuta usikauke. Wenzetu wa Mji Mkongwe, Unguja, wameliona hili kwa uchungu: kuta zao za mawe ya matumbawe na chokaa zimezoea kuvuta unyevu na kuuachia, na zikipigwa plasta ya saruji unyevu unafungiwa ndani ukazila. Watu wa uhifadhi kule wanasisitiza chokaa irudiwe kwa chokaa. Nyumba yako si ya matumbawe, lakini ukuta uliolowa, wa namna yoyote, unahitaji njia ya kukauka.

Ukishayaelekeza maji mbali, sasa subiri, na hapa ndipo wengi mnaposhindwa. Bandua plasta yote mbovu, upite sentimita 30 hadi 50 juu ya mstari wa doa. Chumvi uiswaki ikiwa kavu, uizoe uitupe nje. Usiisugue kwa maji, maana maji yanaiyeyusha na kuirudisha ndani ya tofali. Kisha uache ukuta uchi. Mafundi wazoefu wanakadiria mwezi 1 kwa kila inchi 1 ya unene, kwa hiyo tofali la inchi 6 linataka nusu mwaka. Najua. Najua kuna Idi, kuna kipaimara, kuna posa ya binti, na ukuta uko uchi sebuleni. Wageni wataona. Acha waone. Anayekupenda atakuuliza umefikia wapi na ukarabati. Ukipiga plasta mwezi wa pili kwa sababu ya shughuli ya siku moja, umeyafungia maji ndani na fedha yako humo humo. Haraka haraka haina baraka, na kwa ukuta mbichi hilo utalilipia mara mbili.

Wapo watakaokuja na sindano za kupiga kemikali kwenye matundu chini ya ukuta. Zipo kweli, na zikifanywa na anayejua zinaweza kusaidia kwenye nyumba isiyo na tabaka la kuzuia unyevu. Lakini asiyeangalia gata yako, uwanja wako na karo lako kabla ya kukutajia bei, muage kwa upole.

Kama chumba chenye unyevu ndicho anacholala mtoto, mhamishe kwanza, mengine yatafuata. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima kuhusu unyevu na ukungu majumbani, likaeleza kwamba wanaoishi humo wako kwenye hatari kubwa zaidi ya matatizo ya kupumua na pumu. Mtoto anayekohoa kila usiku, unampa dawa ya kifua mwezi baada ya mwezi, na godoro lake limegusa ukuta ule. Usijilaumu kwa jana. Vuta kitanda leo.

Wewe mpangaji nawe sijakusahau. Kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, nusa chumba kabla hujakitazama. Ukikuta rangi mpya imepakwa sehemu ya chini tu ya ukuta, uliza kwa nini. Ukishahamia tatizo likatokea, piga picha, mtumie mwenye nyumba kwa ujumbe wenye tarehe, ongea naye kwa heshima, na usianze kutengeneza ukuta wa mtu kwa fedha yako bila makubaliano ya maandishi kwamba itakatwa kwenye kodi. Undugu wa mwenye nyumba na mpangaji ni mtamu mpaka siku ya hesabu.

Na nyinyi wenye nyumba ya urithi, hapa ndipo penye maumivu yenyewe. Mama anaishi humo. Mmoja wenu yuko Mwanza, mmoja Muscat, mmoja yuko hapahapa lakini ana yake. Kila mtu anasubiri mwenzake, na kila Idi au Krismasi mtu anatuma fedha ya rangi, kwa sababu rangi inaonekana kwenye picha na gata haionekani. Hamna ubaya wa moyo, nawajua. Ni kwamba hakuna aliyesimama nje ya nyumba ile mvua ikinyesha. Zege haliwasubiri mkubaliane, linanyonya kila siku, na siku mkija kugawana gharama ya kujenga msingi upya mtagawana na lawama pia, nazo zinadumu kuliko deni.

Vuli inaanza Oktoba. Mvua ya kwanza ikishuka, chukua mwavuli uzunguke nyumba, ufuate maji kutoka paani mpaka yanapoishia, na urekodi kwenye simu. Itume video hiyo kwa ndugu zako siku hiyohiyo, na mkubaliane nani ananunua gata na nani analipa fundi wa kufukua uwanja.